Mwezi wa Saba wa Bi Mkubwa

Mtaa mzima wa Makina, pale Kibera, kuanzia msikitini hadi kwa wauza mkaa, ulimwita mke mwenzangu Mama Rehema. Rehema nilimzaa mimi. Nilimbeba tumboni, nikamzaa Kawangware kwenye chumba cha mabati mvua ikipiga juu, na mke mwenzangu wakati huo alikuwa kwake Kibera akichambua mchele. Lakini ukifika Makina ukauliza nyumba ya Mama Rehema, hakuna mtu aliyekuelekeza kwangu. Nimeanza na hilo ili anayesoma ajue mapema kwamba ninayemweleza hapa sikumpenda kwa urahisi, na kwamba wivu wangu haukutoka hewani.

Mimi nilimwita Bi Mkubwa, kwa sababu ndiye aliyetangulia kuolewa. Yeye aliniita mdogo wangu. Neno hilo alilitamka taratibu, kwa upole, na kila mara lilinichoma, maana mtu akishakuita mdogo wake hata kabla hujakaa, amekwisha kukuonyesha kiti chako ni kipi. Nilipomlalamikia mume wetu alishangaa kweli kweli. Aliniuliza kama nilitaka niitwe dada.

Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mwenye mwendo wa mtu anayejua sakafu ni yake. Alinukia udi na mafuta ya taa kwa pamoja. Alipika gurusa, zile chapati nyembamba za Wanubi, hadi watu wakaja na sahani zao bila kualikwa. Sukari aliificha kwenye mkebe chini ya kitanda na kuipima kwa kijiko kisichojaa, lakini shuka lake zuri la Idi nilimwona akilivua mabegani na kumfunika mfiwa ambaye hata hakumjua vizuri. Ukimharakisha anasema, "Usinikimbize, sijachelewa." Alilisema hilo hata siku ambazo alikuwa amechelewa sana.

Tabia iliyonishinda kabisa ni ya kuwajibia watu. Ukiulizwa umelalaje, yeye atasema umelala vizuri. Mchinjaji akikuuliza unataka nyama ya wapi, yeye atanyoosha kidole. Alipokuja kunitazama mara ya kwanza baada ya harusi, jirani yangu aliniuliza kama nimeanza kuzoea mume, na kabla sijafungua mdomo Bi Mkubwa alijibu kwamba nimezoea. Nilikaa pale kwenye stuli nikisikiliza habari zangu kama za mtu mwingine.

Mume wetu, ambaye kwangu alikuwa Baba Rehema na kwake alikuwa mzee, alikuwa mtunza bustani kwa wageni fulani upande wa Lavington. Mtu mrefu, mpole, mwenye udongo kwenye kucha hata siku ya Idi. Alikuwa mtu wa haki mpaka akakera. Leso alinunua mbili, za rangi moja na maandishi yale yale. Nyama alileta vifurushi viwili, akavipima kwa mikono mlangoni. Siku za kulala alizigawa bila kumwibia mtu, na zamu ilibaki zamu hata mmoja wetu akiwa na homa. Akipewa kitu kimoja alikikata. Nakumbuka blanketi la sufu, zito, zuri, ambalo alilipasua katikati kwa mkasi wa bustani. Kila mmoja wetu alibaki na kipande kisichofika miguuni.

Kwa hiyo waajiri wake walipohama nchi wakamwachia okidi, mmea wa maua wa kufugwa dirishani, alifanya vile vile. Aliichukua nyumbani, akaitandaza juu ya gazeti, akaipasua kwa kisu cha jikoni. Nusu yangu, nusu yake.

Okidi ile haikuwa na udongo hata chembe. Ilikaa kwenye mkebe wa plastiki unaoonyesha ndani, uliojazwa yale mawe mepesi yenye matundu tunayosugulia nyayo. Ubavuni mwa mkebe, juu kidogo ya kitako, kuna tundu. Ukimwagia maji, yanapita kwenye mawe, ya ziada yanatokea tunduni, na kidogo yanabaki chini. Mawe yanayavuta hayo kwenda juu polepole na mizizi inakunywa kwa wakati wake. Baba Rehema alitutengenezea mikebe miwili, akaitoboa kwa msumari wa moto, akaosha mawe, akatuelezea kila mmoja kwa maneno yale yale. Hakuacha kitu, isipokuwa kimoja ambacho yeye mwenyewe hakukijua. Kule kazini, baridi ilipoanza, mwenye nyumba aliziingiza okidi ndani na kuzishughulikia kwa mkono wake, na mume wetu alibaki nje na nyasi zake.

Mwaka uliofuata, baridi ilipokwisha, ya Bi Mkubwa ilitoa maua. Nilijua kabla Baba Rehema hajavua viatu. Alikuja na uso wa mtu aliyeona kitu kizuri nyumbani kwa watu, akakaa, akanieleza yalivyopangana kwenye shina lililokwisha kumwaga majani, meupe, na koo la zambarau. Mtu wa haki angenyamaza. Nilitazama ya kwangu dirishani, ndefu, ya kijani, majani tele, na hakuna hata dalili ya ua.

"Yeye anaifanyia nini?" nikamuuliza.

"Hafanyi kitu," akasema.

Nilijua anamfichia. Mimi nilikuwa naifanyia kila kitu. Niliimwagia kila siku. Niliipa maji ya kuoshea mchele, nikaipa majani ya chai, nikaitwangia maganda ya mayai. Mwezi wa saba, Kawangware inapokuwa na baridi mpaka mabati yanadondosha maji asubuhi, niliihurumia zaidi nikaongeza maji. Nayo ikanilipa kwa ugonjwa, au ndivyo nilivyodhani. Kwenye vifundo vya mashina, mahali ambapo ya mwenzangu ilitoa maua, ya kwangu ilitoa vijimea vidogo, kila kimoja na majani yake na vijizizi vyeupe vinavyoning'inia hewani. Nilivivunja kwa hasira. Baba Rehema aliniambia nisivitupe pale mlangoni, nimpe yeye atavitupa njiani. Alivifunga kwenye gazeti, akavitia kwenye mfuko wa koti, akaenda kwa zamu yake. Nilifikiri ni usafi tu.

Kila Idi tulikwenda Makina, na kila Idi mikebe ilikuwa imeongezeka barazani kwa Bi Mkubwa. Ulikuwa mmoja, ikawa mitatu, ikawa safu nzima kando ya ukuta. Mimi nilikuwa na mmoja tu. Nikaanza kuwaza kwamba yule mtu wa haki anamnunulia mwenzangu kwa siri, na wazo hilo liliniumiza kuliko kama ningemkuta na mwanamke wa tatu. Nilimuuliza siku moja tukirudi. Alikohoa, akasema maua huzaana, akabadilisha mazungumzo. Sikumwamini, lakini sikuwa na la kushika.

Watu walinipoza kwa neno moja. Waliniambia, wewe una watoto, mwache na maua yake. Ni kweli Bi Mkubwa hakujaliwa mtoto, na mimi nilikuwa na Rehema na mdogo wake wa kiume. Mtu mwenye busara angesema tumetoshana. Mimi nilitaka vyote viwili, na kilichonitisha ni kwamba yeye pia alionekana kutaka vyote viwili. Rehema akifika pale alikalishwa mapajani, akasukwa, akapewa gurusa ya kwanza kutoka kikaangoni. Akiita "Mama" kutoka uani, kabla sijageuka, Bi Mkubwa ameshaitika "Abee." Na mtoto aliridhika na abee hiyo. Aliingia na shida yake, akamweleza aliyeitika.

Mambo yalipoharibika baada ya kura, mwisho wa mwaka ule wa elfu mbili na saba, Baba Rehema alikuwa kwa Bi Mkubwa. Ilikuwa zamu yake. Matokeo yalitangazwa jioni, na mara moshi ukaanza kupanda upande wa Kibera, kisha na upande wetu. Barabara zikafungwa. Nilijifungia chumbani na watoto wawili, unga kidogo, na mtungi mmoja wa maji. Nje watu walikuwa wanaulizana lugha za mama zao. Ningependa kusema kwamba nilichoogopa zaidi ni panga. Kweli niliogopa. Lakini saa zote hizo, nikiwa nimewalaza watoto sakafuni mbali na mlango, nilikuwa nawaza kwamba mume wangu yuko na yule mwingine, na kwamba kama tutakufa, tutakufa kwenye zamu yake.

Alifika siku niliyokuwa nimekata tamaa. Alikuja kwa miguu, koti limechanika bega, midomo imekauka. Nilimshika, nikalia. Kisha akaniambia Bi Mkubwa ndiye aliyemtoa nyumbani. Alimwambia, "Zamu yangu nimempa mdogo wangu. Toka uende." Alikuwa amesita kwa sababu siku zake za Makina hazijaisha na haki ni haki, na yule mama alimfungulia mlango akamsukuma nje. Machozi yangu yalikauka hapo hapo. Hata mume wangu kunijia kwenye hatari ilikuwa sadaka ya mwenzangu.

Mwenye nyumba wetu akatuambia tuondoke kabla hajaulizwa anaficha nani. Tulichukua watoto na kilichobebeka. Okidi yangu ilibaki dirishani, na sikuiona tena, kwa sababu chumba kile kilipofunguliwa baadaye kilikuwa na watu wengine na hakuna aliyejua habari ya mkebe. Tulipita njia za nyuma, tukavuka barabara ya Ngong, tukashuka hadi Makina. Pale karibu na nyumbani vijana walikuwa wameziba njia kwa mawe na matairi.

Mimi ni Mkamba wa Kitui na lafudhi yangu haijifichi. Siku zile, mahali pale, neno moja lingetosha kuniua. Kijana mmoja akanielekezea panga, akauliza huyu ni wa wapi. Baba Rehema, mtu wa haki, ambaye hakuwahi kujua kudanganya, akaanza kumjibu ukweli.

"Huyu ni mke wangu," akasema, "kwao ni..."

"Huyu ni mdogo wangu."

Alikuwa amesimama upande wa pili wa matairi, leso kichwani, mikono kiunoni. Sijui alikuwa amesimama pale tangu saa ngapi.

"Mama moja, baba moja," akasema. "Kuna mtu ako na swali?"

Vijana wale walikuwa wamekula gurusa zake tangu meno ya utoto. Wakatazamana, wakasogeza tairi. Nilipita nimeinamisha kichwa, mdomo nimeufunga, na kwa mara ya kwanza nilishukuru kwamba amejibu kabla yangu. Shukrani hiyo ilikuwa chungu pia, lakini ilikuwa shukrani.

Tulikaa kwake. Vyumba viwili na sebule, wake wawili, mume mmoja anayelala sebuleni siku zote kwa sababu hakuweza kuamua haki iko wapi. Maji yalikuwa shida kubwa. Wauzaji walifunga, mabomba yalikauka, na wanawake walipanga mitungi foleni wakiangalia nyuma. Siku ya kwanza Bi Mkubwa alipita kwenye safu ya mikebe, akainamisha mmoja mmoja juu ya beseni mpaka maji ya chini yakatoka tunduni. Alimwogesha mwanangu wa kiume kwa maji hayo. Nilimuuliza maua yatakunywa nini. Akasema mwaka huu yatalala mapema. Niliona huo ni ukatili, na moyoni, sitaki kuficha, nilifurahi kwamba labda yatakufa.

Hayakufa. Yalimwaga majani, mashina yakakunjamana, na amani iliporudi na maji yakarudi, yakatoa maua machache, madogo. Majirani walikuja kuyatazama kama watu wanaotazama mgonjwa aliyepona. Walimpongeza Mama Rehema, na mimi nilikuwa nimesimama pale pale nikiwa nimebeba sahani zao.

Baridi ilipoanza tulikuwa bado kwake, na ndipo nilipoujua mwezi wa saba wa Bi Mkubwa. Mwanamke yule, miezi mingine, aliamka kabla ya adhana. Alifagia hadi mlangoni kwa jirani na kumsuta jirani huyo kwa uvivu. Lakini baridi ikiingia aliweka jiko la makaa katikati ya miguu, akatia mikono kwapani, akakaa. Viungo vya vidole vilimuuma na hakugusa maji baridi kwa lolote. Hakufua, hakuosha vyombo, hakupiga deki barazani. Mtaa ulijua, na mtu mwenye shida alisubiri mwezi wa nane.

Na okidi nazo hazikuguswa. Nilikuwa nimemvizia wiki nzima nikitafuta siri. Nilitegemea dawa, kombe la aya, dua fulani, maji ya kitu fulani. Sikuona chochote. Mawe yalikuwa yamekauka mpaka yakawa meupe, chini ya mikebe hakuna tone, na mashina yamekonda. Siku moja sikuvumilia. Nilichukua birika nikaenda barazani.

"Wacha," akasema bila kuinuka. "Imelala."

"Itakufa na kiu."

"Haina kiu. Ni wewe uko na kiu."

Nilibaki na birika mkononi. Akaniita nikae karibu na jiko, akanieleza, na lazima nikiri alieleza vizuri. Udongo ungeshika joto kidogo, akasema, lakini mawe yenye maji chini kwenye baridi hii yanakuwa kama barafu, na mzizi ukikaa kwenye barafu unaoza. Mwaka wa kwanza hakujua lolote. Vidole vyake tu vilikataa maji, mkebe ukakauka, akadhani ameua ua la watu, kisha likamtolea maua. Tangu hapo akaacha kwa makusudi. Hukausha chini, haipi mbolea, na asubuhi huweka shavu kwenye mkebe kusikia ubaridi wake. Shina likikunjamana sana, anangoja siku yenye jua, anapitisha kikombe cha maji ya uvuguvugu, ya kumwogeshea mtoto mchanga, na kuhakikisha yote yametoka tunduni. Akiona kifundo kimevimba, ndipo anaanza kumwagia tena.

"Ukiimwagia saa hii inadanganyika," akasema. "Inafikiri ni mvua. Haitoi ua, inatoa..."

Bi Mkubwa kuanza jambo asilimalize ilikuwa ajabu, na nililishika hilo moyoni bila kujua nalishikia nini. Akageuza makaa kwa mwiko, akaniuliza kama Rehema ameshakula.

Kwa hiyo Baba Rehema hakuwa amemfichia mtu. Hafanyi kitu, na kweli hakufanya kitu. Nilikuwa nimeshindwa miaka yote hiyo na mwanamke aliyekaa tu na jiko lake. Sijui kama kuna kushindwa kubaya kuliko huko.

Mwezi wa kumi Baba Rehema alipata chumba kingine Kawangware na tukarudi. Rehema hakurudi. Shule yake mpya ilikuwa Kibera, na katikati ya muhula haifai kumhamisha, ndivyo nilivyoambiwa. Baadaye ikawa mpaka amalize darasa hilo, kisha mpaka afanye mtihani, kisha hakuna aliyesema mpaka nini. Nilimuuliza Rehema mwenyewe, mbele ya Bi Mkubwa, kama anataka kurudi kwa mama yake. "Mtoto ako sawa hapa," akajibu Bi Mkubwa. Rehema alikuwa amefungua mdomo, akaufunga. Mpaka leo sijui alikuwa anataka kusema nini, na katika yote aliyonichukulia mwanamke yule, jibu hilo ndilo ninalomdai zaidi.

Mume wetu alipofariki tulikaa eda pamoja, Makina, kwenye mkeka mmoja. Hata hapo tulishindana. Yeye alilia kwa sauti, mimi nililia kwa ndani, na kila mmoja alimwona mwenzake hajui kulia. Vitu vyake vilikuwa vichache na vyote viwili viwili. Koti lilikuwa moja. Tulitazamana juu ya koti hilo, mkasi wa bustani uko pale pale, na wote wawili tukaangua kicheko tukiwa na machozi usoni, mpaka wazee wakaja kutazama kulikoni. Nilimwachia. Nilidhani ni mimi niliyekuwa mkarimu.

Miaka ikaenda. Rehema alisoma, akapata kazi, akakodi nyumba nzuri mtaa wa Ayany, yenye maji ndani na madirisha makubwa. Magoti ya Bi Mkubwa yalipokataa na macho yakaanza kufifia, Rehema alimchukua akakae naye. Hilo nililisikia kwa watu. Nilimpigia simu nikamuuliza kama amesahau nani alimzaa. Hakukasirika. Aliniambia, "Mama, wewe uko na nguvu, na uko na ndugu yangu hapo. Yeye hana mtu." Alisema kweli.

Nilikwenda kumtazama mwezi wa saba. Baridi ilikuwa ya kweli, ile ya ukungu usioondoka mpaka mchana. Rehema alikuwa kazini na jirani ndiye aliyenifungulia, akarudi kwake. Bi Mkubwa alikuwa amekaa kwenye kiti cha dirishani, mikono kwapani, koti la marehemu mabegani. Safu ya mikebe ilikuwa imepangwa mbele yake kwenye mwanga, mawe meupe, makavu, mashina matupu. Alikuwa amekuwa mdogo sana. Alinitambua kwa hatua zangu.

Tuliulizana hali. Nikakaa. Akaniambia ana neno kabla Rehema hajarudi.

"Hizi zote ni zako," akasema, akizielekezea kidevu.

Nilidhani anarithisha. Nikamwambia sina mahali pa kuziweka, azidi kukaa nazo.

"Sikupi, mdogo wangu. Nakuambia. Ni zako toka mwanzo. Ile nusu yangu ilioza zamani, kabla ya ile vita. Hizi ni vile vitoto ulikuwa unavunja. Mzee aliniletea moja moja, kwa hii mfuko." Akapapasa koti.

Nilitazama mikebe ile. Vijimea vile vya kwenye vifundo, ugonjwa wangu. Safu nzima, na kila ua lililosifiwa Makina, na kila Idi niliyorudi Kawangware mikono mitupu. Nikakumbuka alipokatiza maneno siku ile ya birika, na kikohozi cha marehemu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungevitaka."

"Ningevitaka," nikasema.

"Sasa umeona."

Akaendelea, na sauti yake haikuwa ya kuomba radhi. Nusu yake haikuzaa hata mara moja. Kila mwaka ilitoa maua, watu wakasifu, na yeye akawa anapita kila kifundo kwa kidole akitafuta kitoto. Alijua ya kwangu inazaa kwa sababu ya maji ya wakati wa baridi. Mwaka mmoja naye akajilazimisha, akaimwagia mwezi wa saba na vidole vinamlilia, azae naye. Ndipo ilipooza, maana baraza lake halikupata jua kama dirisha langu. "Nilikuonea wivu mpaka nikaugua," akasema. "Maua, mtoto, yote. Nilikuwa nauliza Mungu kwa nini wewe unavunja na kutupa."

Ningeweza kumhurumia, na labda nilimhurumia. Lakini kwanza nilikasirika. Wivu ulikuwa kitu changu. Niliubeba peke yangu kutoka Kawangware hadi Makina na kurudi, nikaulisha, nikaulaza, na kumbe upande wa pili kulikuwa na mwingine wa ukubwa ule ule. Hata huo Baba Rehema alikuwa ametugawia sawa sawa.

"Na Rehema?" nikamuuliza. "Siku ile alitaka kusema nini?"

Hakujiuliza ni siku gani. "Sijui," akasema. "Sikumpa nafasi."

Niliona shina moja limekunjamana na mkono wangu ukataka kutafuta maji, nikauzuia. Nje gari lilisimama, viatu vikapanda ngazi, na mlango ukagongwa.

"Mama," Rehema akaita kutoka nje. "Nimesahau funguo."

Macho ya Bi Mkubwa yalikuwa yamekwisha, lakini masikio yake yalikuwa ya paka. Nilimwona akisikia. Nilimwona akifungua mdomo kama alivyoufungua maisha yake yote, mbele ya mchinjaji, mbele ya mapanga, mbele ya mwanangu. Kisha akaufunga. Akainama, akaweka shavu kwenye mkebe ulio karibu naye.

"Mama?" Rehema akaita tena.

"Abee," nikasema. Ilitoka na kikwaruzo, nikakohoa nikairudia. Kisha niliinuka nikaenda kumfungulia mlango.